Mwongozo kamili: kuweka Linux Mint kwenye kompyuta ya msikiti au parokia, na kuipa jina linalofaa

Mwongozo huu ni wa maalimu, makatekista, makatibu wa parokia na vijana wa kwaya au madrasa walioachiwa kompyuta kuukuu wakaambiwa, "Hebu ifanyeni iwake." Maswali ninayoletewa kutoka Mikindani, Masasi, Nachingwea na Kilwa Masoko ni yaleyale. Watu wanakwama kwenye kibodi, wanakwama kwenye jina la kompyuta, na wanakwama pale maneno ya ajabu yanapotokea kwenye skrini hadi mtu anakimbilia kuchomoa waya ukutani. Hayo matatu nitayachambua kwa kirefu. Mengine tutayapita haraka.

Nimechagua Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo la 22 lenye mandhari ya Xfce, kwa sababu ni bure, ni jepesi, na litapata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tulizonazo huku kusini hazikubaliki na Windows 11.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta yenye prosesa ya biti 64, kumbukumbu (RAM) ya GB 2 au zaidi, na diski yenye nafasi ya GB 20. Hicho ni kiwango cha chini. Ukiwa na kumbukumbu ya GB 4 utafanya kazi kwa raha.

Flashi mbili. Moja ya GB 8 ambayo uko tayari kufutwa kila kilichomo. Nyingine, au diski ya nje, ya kuhifadhi mafaili ya zamani.

Kompyuta ya pili inayofanya kazi, ya kuandalia flashi, na intaneti ya kushushia faili la karibu GB 3. Kwa bando la simu hiyo ni gharama, kwa hiyo shusha mara moja, kisha mpe na jirani.

Betri ya saa aina ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Kwa mashine iliyokaa stoo miaka mingi, inunue kabisa kabla ya kuanza. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.

Umeme wa uhakika kwa saa moja na nusu. Kama ni kompyuta ya mezani na eneo lenu umeme hukatika hovyo, azima UPS (betri ya akiba ya kompyuta) au jenereta ya ukumbini. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, unaanza upya.

Mwisho, karatasi na kalamu. Humo mtaandika jina la kompyuta, majina ya akaunti, na nani anatunza nywila.

## Hatua ya 1: Okoa mafaili ya zamani

Nakili picha, orodha ya waumini, hesabu za sadaka na barua kwenda flashi ya pili. Kisha ichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili mawili matatu. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Umefaulu ukiweza kusoma faili la mwaka juzi kwenye mashine tofauti.

## Hatua ya 2: Shusha faili na ulihakiki

Pata faili la Linux Mint Xfce kutoka tovuti rasmi ya mradi. Intaneti yetu hukatika katikati, na faili pungufu huleta makosa ya ajabu saa moja baadaye, kwa hiyo lihakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt, nenda kwenye folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, shusha upya.

## Hatua ya 3: Andaa flashi

Kunakili faili la ISO, yaani lile uliloshusha, kwenye flashi kama unavyonakili kaswida au nyimbo za kwaya hakutoshi, na wengi hukosea hapa. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher, ambazo huliandika faili hilo kwa namna ya kuiwezesha kompyuta kuwaka kutoka kwenye flashi. Kila kilichokuwemo kitafutika.

## Hatua ya 4: Washa kutoka kwenye flashi

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwa HP ni F9, au Esc kisha F9. Chagua jina la flashi yako, halafu mstari wa "Start Linux Mint".

Utaona dawati likifunguka ingawa hakuna kilichobadilishwa kwenye diski. Tumia dakika kumi kujaribu: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Projekta ya ukumbini inaonyesha? Ukiridhika, ndipo ubofye "Install Linux Mint".

## Hatua ya 5: Kibodi na diski

Kwenye lugha, chagua English kwanza, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili haijakamilika na utajikuta na menyu nusu kwa nusu.

Sasa kibodi. Mashine nyingi za mitumba zimetoka Uingereza, na kibodi ya huko hupishana na ya Marekani kwenye alama ya @. Kwenye ya Uingereza @ iko karibu na Enter. Kwenye ya Marekani iko juu ya 2. Ukikosea mpangilio, unachokibonyeza sicho kinachoandikwa, na kwa kuwa nywila huonekana kama nukta tupu, hutajua.

Nililiona hili kwenye parokia moja upande wa Masasi. Vijana waliipa mashine jina petro, wakisema ndiye mwenye funguo. Nywila yao ilikuwa na @ ndani. Walipowasha upya, ikakataa. Wakajaribu tena, ikakataa. Mara ya tatu kijana mmoja akanyanyua mikono: "Baba Padre, Petro kanikana mara tatu, na jogoo bado!" Padre alicheka mpaka akaomba kiti. Tulipobadilisha mpangilio wa kibodi kutoka Marekani kwenda Uingereza, Petro akakubali.

Kisanduku cha majaribio kipo palepale chini ya orodha ya mipangilio. Andika humo @, " na #. Umefaulu kama kila alama iliyochorwa kwenye kitufe ndiyo inayotokea. Usisonge mbele kabla ya hapo.

Ukiulizwa kuhusu kodeki (programu ndogo za kuchezesha sauti na video), weka alama ya kukubali kama una intaneti, ili video za mawaidha na mahubiri zicheze bila kutafuta kitu kingine.

Kwenye diski, "Erase disk and install Linux Mint" hufuta kila kitu kilichomo. Kama uliokoa mafaili kwenye hatua ya 1, endelea. Kama hukufanya hivyo, rudi sasa hivi.

## Hatua ya 6: Jina la kompyuta

Ukishachagua Dar es Salaam kwenye ramani ya majira, utafika kwenye ukurasa wenye visanduku vya jina lako, jina la kompyuta, jina la kuingilia na nywila. Watu hufika hapa wakaandika "Mt. Fransisko wa Asizi" au "Masjid Nuur", mashine ikakataa, wakadhani imeharibika.

Kwanza, masharti ya mashine. Jina la kompyuta ni herufi za a hadi z, tarakimu, na kistari kifupi tu. Hakuna nafasi, nukta, wala alama ya ng'. Kistari hakianzi wala hakimalizi jina. Lisizidi herufi 63, lakini nakushauri ukomee kumi, maana mtu atalitaja kwa sauti kutoka chumba cha pili. Tumia herufi ndogo.

Kila kompyuta iwe na jina lake. Mbili zikiitwa sawa kwenye mtandao mmoja, moja itaongezewa 2 mwishoni bila kuulizwa, na faili la risala ya harusi litatumwa kusikotakiwa.

Sasa masharti ya watu, ambayo hakuna programu itakayokukumbusha.

Jina la kompyuta hutamkwa. Litatamkwa siku ya furaha, na litatamkwa siku ambayo mashine imeganda dakika kumi kabla ya ibada. Kwa hiyo, kabla ya kuliandika, liweke jina hilo kwenye sentensi tatu na uzisome kwa sauti mbele ya mwenzako:

"… imeganda, izime."

"… imejaa uchafu, ifutwe yote."

"Nani kamwagia … chai?"

Kama hata moja inakufanya uangalie pembeni, tafuta jina lingine.

Kwenye madrasa moja ya Mikindani watoto walichagua jibril kwa hoja nzuri kabisa: mashine ile ndiyo ingepokea ujumbe. Maalimu alitabasamu, akaruhusu. Wiki ya kwanza tu mtoto akatoka mbio uani akipaza sauti, "Maalimu! Jibril kaganda, tumchomoe?" Wazee waliokuwa kibarazani walinyamaza wote kwa pamoja. Maalimu hakumgombeza mtoto. Alitubadilishia jina jioni ileile, na somo la siku iliyofuata likawa juu ya malaika.

Msimamo wangu ni huu. Majina ya Mwenyezi Mungu, ya manabii na ya malaika yasiwekwe kwenye mashine hata kwa nia njema. Majina ya watakatifu ni ya kuulizana ndani ya parokia yenyewe, na paroko ndiye wa mwisho kusema. Lazaro nimelipenda kwa kompyuta iliyofufuliwa kutoka stoo, kwa kuwa hata ikizimika tena kisa chake kinajulikana na kila mtu anasubiri iamke. Tomaso nimelikuta kwenye mashine iliyokuwa haiamini flashi yoyote mpaka uichomoe na kuichomeka tena, na katekista mwenyewe ndiye aliyelitoa.

Lakini chumba kikiwa cha watu wa dini zote, kama ilivyo kwenye shule na vituo vingi huku kwetu ambako Halima na Maria wanakaa benchi moja, chukua majina yasiyo na kanzu wala joho. Mito ya kusini inatosha: ruvuma, lukuledi, mbwemkuru, mavuji. Utani wake hauumizi mtu. Diski ikijaa, "Ruvuma imefurika." Intaneti ikikata, "Lukuledi imekauka." Samaki nao wanafaa: changu, nguru, jodari. Miti pia: mkorosho, mbuyu, mkwaju. Mkorosho apewe yule anayefanya kazi kwa msimu.

Wenzetu wa nje nao walipita njia hii. Kulikuwa na Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, iliyotengenezwa kwa ajili ya Waislamu, ikiitwa Ubuntu Muslim Edition, ikiwa na programu za kusomea Kurani na za nyakati za sala. Baadaye waliibadilisha jina ikawa Sabily, yaani njia yangu. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilo kutoka fi sabilillahi. Iliwahi kuwapo pia Ubuntu Christian Edition yenye programu ya kusomea Biblia. Usizitafute kwa matumizi ya leo. Tazama tu jinsi neno sabili lilivyochaguliwa: lina heshima, na ukisema "Sabily imekwama" hujamvunjia mtu adabu.

Na kama jina limeshawekwa vibaya? Huhitaji kuanza upya. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo hostnamectl set-hostname ruvuma

Kisha:

sudo nano /etc/hosts

Tafuta mstari unaoanza na 127.0.1.1, badilisha jina la zamani liwe jipya, hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, halafu Ctrl+X. Wengi huruka sehemu hii ya pili, na mashine huanza kulalamika kwamba haimjui mwenyeji wake kila unapotumia sudo, lile neno la kuomba mamlaka ya msimamizi. Zima na uwashe.

Umefaulu ukiandika hostname kwenye Terminal na kupata jina jipya.

## Pumziko muhimu: maneno yatakayokutisha

Baada ya hapo mashine inafanya kazi peke yake, na wakati wa kuwaka ukibonyeza Esc utaona mistari mingi ikipita. Humo utakutana na neno "daemon". Mlinzi wa kanisa moja alilisoma kwa sauti, akachomoa waya, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Neno hilo halimsemi shetani. Mwaka 1963 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walilichukua kutoka kwenye mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewazia kiumbe asiyeonekana anayepanga chembe za hewa bila kuchoka. Wakaliita hivyo kila tendo linalofanya kazi chinichini: la kusubiri printa, la kushika saa, la kutafuta Wi-Fi. Ndiyo sababu majina mengi ya programu hizo huishia na d, kama systemd na cupsd.

Nilipomweleza hayo shehe mmoja wa Lindi, alifikiri kidogo akasema, "Basi ni kama majini waliomtumikia Nabii Suleiman. Wanajenga, hatuwaoni, na amri wanaitii." Tangu siku hiyo natumia maelezo yake kuliko ya Maxwell.

Utaona pia "kill", maana yake kusimamisha programu. "Zombie", programu iliyokwisha lakini jina lake halijafutwa kwenye orodha. Na "orphan", programu ambayo iliyoianzisha imeshafungwa. Hakuna wa kumwombea hapo.

Halafu kuna 666. Maelezo fulani ya kompyuta hukuambia uandike chmod 666 mbele ya jina la faili. Katekista mmoja alikataa katakata kwa sababu ya Ufunuo. Namba hiyo ni hesabu tu: 4 ni ruhusa ya kusoma, 2 ya kuandika, jumla 6, tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wengine wote. Lakini katekista yule alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu nyingine. 666 inamruhusu yeyote mwenye akaunti kubadilisha faili lile. Kwa daftari la sadaka au zaka tumia:

chmod 600 sadaka.ods

Hapo mwenye faili peke yake ndiye anayesoma na kuandika.

## Hatua ya 7: Saa

Saa ikikosea, mambo mawili huharibika. Ratiba ya swala au ya misa unayoonyesha kwenye skrini inapotea, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama kikidai vyeti vyake havijaanza au vimekwisha muda.

Zima kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, badilisha CR2032. Ukiwasha, ingiza tarehe sahihi, kisha hakikisha majira ni ya Dar es Salaam, masaa matatu mbele ya saa ya dunia (UTC).

Kama umeacha Windows pembeni ya Linux, saa itarukaruka kwa masaa matatu kila unapobadilisha, kwa sababu kila mmoja anaisoma saa ya mashine kivyake. Ndani ya Linux andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Muadhini asitegemee saa hiyo kabla hujailinganisha na ya simu asubuhi na jioni kwa siku mbili.

Wafundishe na wazee kusoma: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana.

## Hatua ya 8: Akaunti

Akaunti ya kwanza uliyotengeneza ina mamlaka yote. Ibaki kwa mtu mmoja na msaidizi wake. Wengine watengenezewe akaunti za kawaida kwenye "Users and Groups", aina yoyote isiyo "Administrator".

Zipe majina ya kazi: katibu, mhasibu, kwaya, madrasa. Viongozi hubadilika, kazi hubaki, na hutalazimika kumwita mtu aliyehamia Dar kuuliza nywila. Nywila ya mhasibu ibadilishwe siku ileile mhasibu mpya anapokabidhiwa.

## Hatua ya 9: Weka mahali pa kurudi

Fungua Timeshift, chagua RSYNC, ichague diski, ubonyeze "Create". Hii hupiga picha ya mfumo ili kesho kijana akiharibu kitu uweze kuurudisha ulivyokuwa. Haihifadhi mafaili yenu ya kazi isipokuwa ukiiagiza, kwa hiyo flashi ya hatua ya 1 iendelee kutumika kila Ijumaa au kila Jumapili.

Kisha fungua "Update Manager" na uweke marekebisho yote. Kama ni bando la simu, fanya usiku.

## Hatua ya 10: Jaribio la mwisho

Washa kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja. Kwenye ya pili andika:

ping ruvuma.local

Mistari yenye muda wa milisekunde ikianza kushuka, jina limekaa. Isimamishe kwa Ctrl+C. Ukiambiwa jina halijulikani, rudi kwenye hatua ya 6, uangalie kama amri ya hostname inatoa jina jipya na kama mashine zote mbili ziko kwenye mtandao uleule.

Andika jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha utepe, ukibandike juu ya skrini. Usitumie karatasi yenye gundi ya maji. Hewa ya bahari ya Mikindani na Kilwa huibandua kabla mwezi haujaisha.